Chini ya Thelathini

Jumatatu, 3 Machi
Majibu yametoka. Figo yangu inamfaa mdogo wangu wa kike — damu zimeelewana, kila kitu. Limebaki tumbo. Nesi anasema hospitali haimpasui mtoa figo mwenye BMI ya thelathini au zaidi, na Jumatano napimwa. Kanifundisha hesabu: kilo zako gawanya kwa urefu wako wa mita, halafu gawanya tena kwa urefu huohuo. Nimeacha cherehani, nimejipima kwa futi ndefu ya mapazia. Mita moja na sentimita sabini na moja. Kilo themanini na sita. Ishirini na tisa nukta nne! Uzito umezidi, lakini napita.

Jumatano, 5 Machi
Mita moja na sentimita sitini na saba. Nikamwambia nesi kipimo chake kibovu. Akanipima tena, kwa upole. Sitini na saba. BMI thelathini nukta nane, na kundi hilo linaitwa unene uliokithiri. Nikasema nina mifupa mizito. Akasema kila anayeingia pale ana mifupa mizito.
Nimetoka nyumbani nimezidi uzito kidogo, nimefika nimekithiri, na njiani sikula kitu.
Nimerudi kuangalia futi. Mkasi ulikata sentimita nne za mwanzo, zamani. Kwenye mapazia ya watu natoa nne bila hata kufikiri. Kwangu sikutoa.
Wamenipa hadi tarehe 24 nishuke kilo mbili na nusu. Mdogo wangu anasafishwa damu kwa mashine, mishipa ya mkono inachoka, na anayemchelewesha ni tumbo langu. Aibu.

Jumapili, 9 Machi
Mdogo wangu kaja na bakuli la wali, nyama inaogelea kwenye mafuta. Yeye kakatazwa, hata chumvi hakuionja. Eti, kula kaka, usije ukazimia kwenye cherehani. Huyu huyu aliyekuwa ananifichia biskuti utotoni. Nimekula nusu.
Nimekula yote.

Jumapili, 16 Machi
Tena. Safari hii na mayai juu. Katikati ya wiki alituma mkate umelowa siagi. Natembea kwenda na kurudi kazini, jasho hadi soksi, na mizani inasema themanini na tano. Mke wangu anasema hiyo figo itafika ikiwa imeshakaangwa.

Ijumaa, 21 Machi
Mabakuli yote ya wiki hii nimempa jirani. Nimepita kwa nesi: themanini na nne nukta mbili. Kanipa moyo. Kasema nina bahati, familia inafuatilia — dada yako aliniuliza mapema kabisa, kaka akizidi thelathini mnamkataa kweli au mnamtisha tu? Nesi akamwambia tunamkataa. Eti alishukuru sana.
Nimekaa kwenye benchi la nje. Wali, mayai, siagi. Mimi namhofia yeye, kumbe yeye ananihofia mimi. Nimekasirika. Halafu nimelia, mtu mzima, mbele ya muuza vocha.

Jumatatu, 24 Machi
Mizani ya nyumbani: themanini na tatu nukta nne. Napita, kwa unywele. Saa nne napimwa.
Mdogo wangu kafika kabla sijavaa viatu. Mkono mmoja una bandeji ya mashine, mwingine una bakuli. Nimemwambia najua. Hakubisha. Kasema, una watoto watatu, kaka, mimi sina hata mmoja, wakikupasua vibaya nitawaambia nini?
Nikasema, na wewe ukiondoka, mimi nitamwambia nani?
Kafunua bakuli. Kula hiki cha leo tu. Nikamwambia ale yeye. Kasema kakatazwa. Nikasema na mimi pia.
Tumekaa. Kijiko ni kimoja. Anakisukuma kwangu, nakirudisha kwake. Wala hanitazami. Dereva wa teksi anapiga honi nje, mke wangu anaita. Hakuna aliyeinuka. Kijiko kiko kwangu tena. Naandika, ili mkono huu uwe na kazi.