Obokano Ndani ya Mashine

Tata mpendwa,

Salamu zikufikie hapo Nyansiongo ukiwa umeshamaliza kukama, maana hiyo ndiyo saa ninayopenda kukuona moyoni: umevaa lile koti refu, mvuke unatoka kwenye ndoo, na ukungu bado haujaondoka malishoni. Mgongo unaendeleaje? Bosibori aliniandikia kwamba ulikuwa ukiinama kwa shida, na kwamba yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Nimefurahi kwa ndama, nimesikitika kwa mgongo. Mimi ni mzima. Baridi imelegea, miti ya hapa imeanza kutoa majani, na kikohozi kilichonisumbua wakati wa theluji kimekwisha.

Nakuandikia kwa Kiswahili kama ulivyotaka, kwa kuwa ndicho ulichojifunzia kusoma kwa yule mpishi wa mzungu mwenye shamba, enzi hizo shamba halijawa letu. Barua hii nataka uisome mwenyewe. Asikusomee mtu, hata dada yangu Bosibori.

Ile kazi yangu ya mwisho nimeiwasilisha mbele ya walimu. Huku Uingereza kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho hupewa miezi kadhaa atengeneze jambo lake mwenyewe kwenye kompyuta, halafu asimame alieleze na kuulizwa maswali. Wenzangu walichagua mishahara ya viwanda, ratiba za treni, hesabu za madaraja. Mimi nilichagua obokano, kile kinubi chako kikubwa cha nyuzi.

Najua hapo utarudi nyuma usome tena. Ndiyo, Tata, obokano. Nilikugusia jambo hili kabla ya theluji, nikakuuliza kama utaliona baya. Ulinijibu habari za mahindi, habari za kanisa na za chama cha maziwa, na mwishoni ukaongeza: "Kazi ya shule ni yako, ifanye kama unavyofundishwa." Nilikaa na maneno hayo kwa muda mrefu, nikiyageuza huku na huku. Mwisho niliamua kwamba ni ruhusa.

Ilianza hivi. Chini ya jengo letu kuna kompyuta ya zamani, imejaa chumba kizima, ambayo wakubwa hawaitaki tena kwa kuwa wana mpya. Ubavuni ina spika ndogo, waliyoiwekea ili wanaoiendesha wasikie kama inafanya kazi au imekwama. Ikipiga hesabu hunguruma, mara hutoa mluzi, mara hulia kama nyuki walio ndani ya debe. Siku ya kwanza niliyoketi mbele yake nilikuwa nimechoka na sijala. Ikatoa sauti nzito yenye kutetema, nami nikageuka kutazama mlangoni. Nilidhani umeingia wewe.

Sijawahi kukuambia kwamba nakumbuka.

Nilikuwa mdogo, sijaanza shule. Tulikuwa bado kwenye ile nyumba ya Ikonge, na mvua ilikuwa ikinyesha tangu asubuhi. Mama alikuwa kwenye kitanda cha karibu na moto, amekonda, mikono yake nje ya blanketi. Wewe ulikuwa umekwisha kubatizwa, na obokano yako ulikuwa umeifunga ndani ya gunia ukaipandisha darini, tukaambiwa kwamba mambo ya pombe na ngoma hayamo tena nyumbani mwetu. Mama akasema jambo kwa sauti ndogo. Ukatikisa kichwa. Akasema tena. Ndipo ukapanda darini, ukaishusha, ukafungua gunia, ukakaza nyuzi moja moja huku umeinamisha sikio. Kisha ukacheza. Sakafu ilitetema chini ya nyayo zangu. Mama alitabasamu, akafumba macho, na katikati ya wimbo ukaacha. Ukaweka kiganja juu ya nyuzi zote, zikanyamaza, ikabaki mvua peke yake. Siku chache baadaye tulimzika. Sikukuona ukiigusa tena, wala sikusikia mtu akiitaja.

Wimbo huo ndio niliotaka mashine iucheze.

Kompyuta haijui wimbo, Tata. Inajua namba tu. Kila sauti ilinibidi niifanye namba, imepanda kiasi gani na imedumu kiasi gani, kisha namba hizo nizitoboe kwenye utepe mrefu wa karatasi, tundu baada ya tundu, na mashine inausoma utepe huo kama mtu anayepapasa kamba gizani. Kabla ya kutoboa, ilinibidi nikumbuke. Nikawa natembea kando ya mto wa mji huu kabla ya masomo, ukungu umetanda, naimba mdomo umefungwa. Kuna asubuhi ambazo mto ulitoweka kabisa. Nilijikuta nateremka vilima vya Ikonge, migomba inadondosha maji pande zote mbili, na mbele yangu anakwenda mwanamke mwenye kikapu kichwani, asiyegeuka. Nikiongeza mwendo, wimbo unapotea. Nikipunguza, unarudi. Basi nilijifunza kutembea polepole, na hivyo ndivyo ulivyonirudia, kipande leo, kipande baada ya siku kadhaa, mpaka pale ulipoweka kiganja.

Anayenisimamia ni mama wa makamo anayeitwa Bi. Pritchard, mtu wa Wales, asiyesema sana. Aliposikiliza mara ya kwanza aliniambia kwamba sauti mbili hazikukaa sawa, zimepinda ukizilinganisha na piano. Nikamwambia ndivyo nyuzi zako zilivyokuwa. Akasema anaamini, lakini watakaonihoji watadhani nimekosea hesabu. Halafu akauliza mwisho wa wimbo uko wapi. Nikamwambia sina. Akaweka kikombe chake chini, akanieleza kwa upole kwamba kazi isiyo na mwisho ni vigumu kuipitisha, na kwamba serikali iliyonileta haitanilipia mwaka mwingine nikianguka. Alikuwa anasema kweli. Nilimwahidi nitatafuta mwisho.

Nilichofanya ni kuiandikia mashine maagizo ipime jinsi wimbo ulivyokwenda, sauti ipi hupenda kufuata ipi, wapi hupumzika, kisha ijitungie mwisho wake. Ilitunga mingi sana. Mingine ilikuwa mizuri, sikatai. Salim, rafiki yangu kutoka Tanga anayesoma uhandisi, alikuwa akija kusikiliza, na kuna mmoja alioupenda akatembea nao akiupiga mluzi jikoni. Lakini mimi kila nilipousikiliza niliona kama mgeni amevaa koti lako. Mabega yanakaa, mikono inafika, na bado si wewe.

Salim huyohuyo ndiye aliyeona jina nililoliandika juu ya karatasi za kazi. Nilitakiwa kuweka kichwa, nikaandika BABA. Akaniuliza kama ni wimbo wa kukusifu wewe. Nikamweleza kwamba kwa lugha yetu, Ekegusii, wewe ni tata, na baba ni mama, yule aliyetuzaa. Akasema, "Kwa hiyo neno ni lilelile: sisi tunasikia baba, ninyi mnasikia mama." Nikamwambia ndiyo, na kwamba ndiyo sababu hata barua zangu za Kiswahili huzianza na Tata.

Siku ya kuwasilisha nilivaa suti uliyonishoneshea kwa fundi wa Kisii mjini. Imenibana mabegani siku hizi. Tuliteremka kwenye kile chumba cha chini, walimu watano, na pamoja nao profesa mgeni kutoka chuo kingine, mzee mwembamba mwenye miwani mizito. Huyo ndiye mwenye neno la mwisho. Nilieleza maagizo yangu, nikawachorea obokano ubaoni, nyuzi nane na lile bakuli lake kubwa la ngozi. Nilipokuwa nauweka utepe mahali pake, ukachanika. Nikaomba radhi, nikauunganisha kwa gundi mbele yao wote, nikisikia saa ya mtu ikihesabu.

Kisha mashine ikacheza.

Sitakudanganya, Tata, haikuwa sawa na yako. Ilikuwa nyembamba, ina kutu ndani yake. Lakini mwendo ulikuwa wako. Nilitazama sakafu, saruji tupu, nikahisi, au nilijifanya nahisi, kwamba inatetema. Chumba kilirudi nyuma yangu. Nilisikia mvua na najua haikuwa ikinyesha. Nilikuwa nimeandaa tepe mbili siku hiyo, mmoja una mwisho ule alioupenda Salim, mwingine hauna. Uliokuwa ukizunguka ni ule usio na mwisho. Hata sasa sijui ni lini hasa niliamua. Mkono ulikwenda, ukauchukua huo.

Ikafika pale, ikanyamaza.

Walingoja. Mmoja akainuka kutazama kama umeme umekatika. Yule profesa mgeni akauliza, "Imeharibika?"

"Hapana, bwana."

"Basi mbona imekatika?"

Nikamjibu, "Hapo ndipo baba yangu alipoacha."

"Kwa nini aliacha?"

"Mama alikuwa amelala."

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Aliuliza kuhusu zile sauti zilizopinda, nikamwambia hazikupinda, ndivyo mwenye nyuzi alivyozikaza. Aliuliza kama mashine ingeweza kuumaliza. Nikamwonyesha kurasa za miisho yote iliyotungwa, na hesabu zilizoizaa, na hapo ndipo nadhani nilipookoka, kwa sababu alizisoma kwa makini moja moja, akiuliza na kurudia kuuliza, nami nilikuwa nazijua. Mwishoni akanyanyua kichwa akataka kujua ni upi ulio sahihi. Nikasema sijui. Akauliza kama wewe ulikuwa unaujua.

Nikautoa utepe kwenye mashine, nikaanza kuuviringisha.

Nimefaulu, Tata. Si daraja la kwanza. Waliandika kwamba hesabu ni nzuri ila kazi haijakamilika, wakanipa daraja la pili. Bi. Pritchard alinipeleka ofisini kwake akanipa chai isiyo na sukari ya kutosha, akasema, "Ungeweza kuumaliza, na ungepata zaidi. Nimefurahi hukufanya hivyo." Halafu tukazungumza habari za hali ya hewa. Wizara imeniandikia kwamba kuna nafasi Nairobi, kwenye ofisi yenye kompyuta mpya ya hesabu za serikali, nami nimekubali. Nitafika nyumbani mwezi wa nane.

Bosibori ananiambia kanisani wanataka kukufanya mzee wa kanisa. Hongera, tena unastahili. Nimewaza sana kama barua hii itakutia katika shida, na ndiyo sababu nimetaka uisome peke yako. Ukiona ni vyema ibaki kati yetu, ibaki. Sikuyafanya haya kukurudisha kwenye mambo uliyoyaacha. Lakini kuna vijana ishirini hivi wa Kiingereza ambao wamekuja baadaye kwenye kile chumba kuomba nicheze tena, na nimeona ni haki ujue kwamba vidole vyako vimefika huku.

Lile swali la profesa silisahau. Miaka yote niliamini kwamba uliacha kwa sababu Mama amelala, hukutaka kumwamsha. Sasa najiuliza kama uliacha kwa sababu uliona jambo usoni mwake ambalo mimi, mtoto, sikuliona. Au kama ulikuwa unamwekea sehemu iliyobaki, aje aisikie akiamka. Sitakuomba ucheze nikifika. Nitakuuliza hili mara moja tu, tukiwa wawili. Ukinijibu, nitashukuru. Ukinyamaza, sitarudia. Tutanyamaza wote wawili, na hilo pia nitalichukua kuwa umenijibu.

Nisalimie Bosibori na mumewe, na umwambie viatu vya mtoto nimevipata. Nisalimie shangazi yetu wa Kenyenya aliyetulea, umwambie bado sijui kupika ugali unaoshika. Mchungaji, na jirani yetu anayekusaidia kupeleka maziwa, nao nawasalimu. Na ukipita Ikonge, pale chini ya ile nyumba ya zamani tulipomlaza Mama, simama kidogo kwa niaba yangu.

Mimi mwanao ninayekuja,

Nyakundi