Nimeziba Njia ya Hewa, Mdogo Wangu Anaomba Radhi

Shangazi, shikamoo. Naomba unisaidie, na ukishanisaidia unitukane, maana mume wangu nimemweleza yote akasema hilo ni jambo langu, yeye hayumo, na mimi naona nastahili mtu wa kunifokea.

Nina jengo la biashara la ghorofa tatu, chini maduka, katikati ofisi, juu kabisa mdogo wangu wa tumbo moja ana karakana yake ya kushona magauni ya maharusi, na jengo hili sikulijenga kwa nguvu zangu peke yangu, kwa sababu serikali ilikuwa na mpango wa ruzuku kwa wanaojenga majengo ya biashara yasiyokula umeme mwingi, wanakurudishia sehemu ya gharama, nusu wakati wa ujenzi, na nusu baada ya wapangaji kuingia na wao kuja kupima joto na kusoma mita. Basi mchora ramani akanichorea madirisha yenye vivuli, paa jeupe, na katikati akaacha uwazi mrefu kutoka sakafu ya chini hadi juu ya paa, ili hewa ya moto ipande itoke na ya baridi iingie, bila kiyoyozi hata kimoja. Na kweli, Shangazi, kulikuwa na ubaridi mtamu, watu walikuwa wanaingia madukani kupoa tu na kuondoka bila kununua kitu. Wapangaji wakanibandika jina, Mama Upepo, nami kichwa kikavimba.

Halafu muuza viatu wa pale chini akanichokoza: "Mama, hapa katikati pamekaa bure. Hewa inakulipa kodi?" Tulicheka wote, lakini lile neno likanikaa, nikaita fundi, akapiga mbao, akaweka mlango na rafu, uwazi wote ukawa stoo ya viatu, nami nikawa napokea kodi. Nilijiambia hewa itajipenyeza pembeni. Haikujipenyeza.

Huko juu sasa hakukaliki. Mafundi wa mdogo wangu wanashona huku wamejifunga taulo shingoni, na juzi jasho lilidondokea gauni jeupe, bibi harusi akalikataa mbele ya mama yake. Na mdogo wangu unajua alifanya nini? Alishuka ofisini kwangu kuniomba radhi. Akasema, "Dada, nisamehe, nadhani ni pasi zangu zinazotia joto jengo lako. Nimeshawaambia mafundi wangu, kuanzia leo nitapigia pasi nyumbani." Shangazi, anasema hayo, mimi nyuma ya pazia nina kiyoyozi nilichofungiwa kwa siri, nimetoka kukizima aliposema hodi, na chumba bado kina baridi, hata akaniambia, "Afadhali hapa kwako, dada." Nami badala ya kusema ukweli nikamjibu, "Haya, jaribu hivyo tuone." Nilisema kwa mdomo huu huu. Tangu siku hiyo anabeba magauni begani kwenda na kurudi, na nikikutana naye kwenye ngazi najifanya naongea na simu.

Wiki ijayo wakaguzi wanakuja, na nisipopata ile nusu ya pili benki iliyonikopesha itanibana vibaya. Muuza viatu anasema tuvunje mbao, tutoe viatu, wakishaondoka turudishe, hakuna atakayejua. Tatizo wakaguzi huwauliza wapangaji, na mdogo wangu ameshaniambia, "Dada, wala usihangaike, nitawaambia huku juu ni raha tupu." Je, nikubali, au nifanyeje?

Mimi, Mama Upepo

*

Marahaba, Mama Upepo. Kukutukana sitaweza, gazeti hili linasomwa na watoto.

Swali lako ni la viatu, lakini barua yako yote ni ya mdogo wako. Tamaa ya kodi ya stoo naielewa, na deni la benki halina mchezo, nakuonea huruma kweli. Nisichokielewa ni lile "jaribu hivyo tuone". Mtu alikuja na kosa lako mgongoni akidhani ni lake, nawe ukamwekea vizuri lisidondoke! Sasa unamtaka akaseme uongo kwa watu wa serikali, akilinda ruzuku iliyotoka kwenye kodi anayolipa hata yeye. Hapana. Muuza viatu mwambie asante kwa ushauri, inatosha.

Piga simu kwa wakaguzi wewe mwenyewe kabla hawajaja. Waambie uliziba njia ya hewa, unaifungua, na unaomba wapime baada ya jengo kupoa. Huenda wakakupunguzia, huenda wakakunyima kabisa, na hapo utakwenda benki ukiwa na jibu la kweli mkononi, uombe kupangiwa upya malipo. Mbao zitoke na zisirudi. Muuza viatu akitaka stoo mpangishe ofisi yako, ina mlango, ina baridi, viatu vyake vitastarehe. Kiyoyozi kiuze, fedha zifidie lile gauni. Meza yako ipeleke juu karakanani, ukae huko mpaka upepo urudi. Ukianza kutafuta taulo la shingoni, utajua fundi wa kung'oa mbao unayemngoja anachelewa kiasi gani.

Lakini kabla ya fundi, kabla ya wakaguzi, nenda kwa mdogo wako. Panda mchana, joto likiwa limekolea, mafundi wake wakiwepo, maana mbele yao ndipo alipojilaumu. Mwambie si pasi, ni wewe, na kiyoyozi usikifiche. Akinyamaza, kaa. Akifoka, kaa. Na tafadhali usitangulie kulia. Ukilia atakubembeleza, ndivyo alivyo, nawe utashuka ngazi umeshasamehewa kabla yeye hajapata hata nafasi ya kukasirika.