Kabati la Afisa Misitu

Ujiji, Kasingirima. Jumapili ya kwanza tangu mvua zianze. Mwaka wa arobaini na tisa tangu tuvuke ziwa, wa sita tangu uniache.

Mama Ezekieli, mke wangu,

Mwanao amepiga simu tena kutoka Burundi. Amemaliza kunijengea chumba. "Baba, uza vyombo, panda gari, uje." Hakusema chochote kuhusu kaburi lako lililo hapa, wala mimi sikumuuliza. Vyombo vyenyewe ni kabati tu. Jana alikuja mnunuzi, mtu mstaarabu, akalizunguka, akafungua milango yake ya kioo, kisha akaupima mlango wa nyumba kwa mikono.

"Mzee," akasema, "hili liliingiaje humu?"

Wewe ndiye uliyependa kuisimulia habari hiyo, na kila ulipoisimulia uliniongezea woga ambao sikuwa nao.

Ulikuwa mwaka ule malori yalipokuwa yakirudisha wakimbizi Burundi kila wiki. Yule afisa misitu, mtu wa Moshi, ambaye mkewe ulikuwa ukimpelekea mchicha, alipata uhamisho na akawa anauza samani zake. Miaka yote sisi tulikuwa tumekubaliana, bila kusema, kutomiliki kitu kisichobebeka kichwani. Ukarudi siku hiyo ukaniambia umechoka. "Nimechoka kuweka sahani kwenye beseni kama mtu anayesubiri meli." Tukaenda Kigoma mjini kulichukua kabati lake.

Shabani wa Simbo alituletea mkokoteni wake. Alipolinyanyua upande mmoja akaguna. "Mama, humu mmemficha nani?"

"Mke mwenza," ukamjibu. "Taratibu, asiamke."

Kwenye mteremko wa Mwanga kabati lilitaka kutupita. Shabani alikuwa mbele amechomeka visigino ardhini, mimi nyuma nimeshika kamba, wewe ubavuni umeikumbatia milango isifunguke. Hapo ndipo fundi cherehani mmoja alipoinuka kutoka kwenye mashine yake. "Mwalimu! Ndiyo mnatuacha?"

"Hatuhami," nikamwambia. "Tumenunua."

"Sawa, Mwalimu," akasema kwa upole, kama anayemkubalia mgonjwa. "Sawa."

Baada yake kila mtu alituaga. Tulivyozidi kukana, ndivyo walivyozidi kutuhurumia. Wakimbizi na kabati juu ya mkokoteni, nani angetuamini? Tulipofika Ujiji, Bi Zaituni aliacha meza yake ya dagaa akatuzuia njiani.

"Nyie Warundi! Mnaondoka kimyakimya kama mmeiba!"

"Bi Zaituni, ni kabati tu. Tunalipeleka Kasingirima."

"Na mimi nakwenda Makka," akasema, huku akifuta macho kwa upindo wa kanga. Akafunga dagaa kwenye gazeti, akakutia mkononi. "Wa njiani. Msile vya watu msiowajua." Ukapokea. Ungefanya nini? Shabani alicheka mpaka nikaogopa ataachia mkokoteni.

Habari ilikuwa imetutangulia. Tulimkuta jirani yetu Rajabu amefunga mbuzi wake kwenye nguzo ya baraza letu, naye anaupima ua kwa hatua. "Ah, Mwalimu! Nilidhani mmeshapanda lori." Wala hakufanya haraka kumfungua.

Kisha mlango. Tulilisimamisha kabati, tukalilaza, tukaliinamisha, likakataa. Mlango ule niliujenga mwenyewe, wa kupita mtu mmoja na mzigo wake, kwa kuwa tulidhani tutakaa misimu miwili. Nikasimama pale nimeshika kamba isiyo na kazi tena. Mvua ilikuwa inakuja kutoka ziwani, imeshafunika maji.

"Bomoa," ukasema.

Nikakutazama.

"Bomoa, baba Ezekieli, au nibomoe mimi."

Tukayatoa matofali ya kando ya mlango, Rajabu naye akisaidia, na mvua ikatukuta tunauingiza mguu wa mwisho. Tukaziba tundu kwa turubai, tukala wale dagaa. Asubuhi Bi Zaituni akafika mbio.

"Dagaa wangu wako wapi?"

"Tumewala."

"Mmekula dagaa wa safari, na safari hamkwenda!" Ulicheka mpaka ukakaa chini. Ukuta ukazibwa, na tangu siku hiyo salamu yake ikawa moja: "Wasafiri, hamjambo?"

Sahani zako bado ziko juu, vitabu vyangu chini, ingawa mchwa wamevisoma kuliko mimi. Yule mnunuzi anasema ataleta fundi, watabomoa nusu siku tu. Nimemwambia asubiri kesho. Ezekieli ana haki. Alizaliwa hapa akaenda kwao. Mimi niliyezaliwa kule ndiye nasuasua. Chumba kipo, gari lipo, magoti bado yananibeba. Lakini nikiutazama ukuta ule naona pale tulipoziba, na nikiishika simu nimwambie mtoto kwamba sitaki, naiweka tena chini. Maana si kwamba sitaki.

Jana jioni Bi Zaituni alikuja, anatembelea fimbo sasa. Alikuwa amesikia habari za mnunuzi. Hakuniita msafiri. Aliweka fungu la dagaa mezani, akaegemea fimbo yake. "Mwalimu, safari hii ni kweli?" Akaondoka bila jibu, na mimi nikakaa na dagaa wale kama mtu aliyeachiwa mtoto wa wenyewe.

Leo asubuhi, kabla ya kanisa, nimewasha jiko nikawakaanga. Nimewala wote, peke yangu, nimekaa mbele ya kabati lako. Haukuwa ushujaa. Nilishindwa tu kuwafunga kwa ajili ya safari. Bi Zaituni atakuja kuwadai, na sijui nani atacheka.

Urabeho, kwaheri ya kwetu, mama Ezekieli. Sitarudi Burundi.

Mumeo,
Baba Ezekieli