Shamba la Kwenye Lebo

Jumatatu, 4 Agosti

Lebo tena. Vidole vimejaa gundi, hata ugali nimekula kwa shida. Mapipa ya bluu yameingia asubuhi na mchuzi wa zabibu, yaani divai ya jumla, kutoka Dodoma, umenunuliwa kwa yeyote aliyekuwa nao. Tumejaza chupa kwa jagi na faneli hapa stoo, Mchafukoge, kati ya choo na ngazi za ghorofa. Mchana mzigo ukapelekwa dukani Kariakoo. Lebo inasema: "Zabibu zimelimwa, zimekamuliwa na divai imejazwa shambani kwetu." Shamba gani? Mangi, bosi wangu, hana mzabibu hata mmoja. Ana migomba, huko kwao Kilimanjaro. Ndiyo maana kwenye picha ya lebo mizabibu imekaa chini ya migomba, kama kahawa ya kwao. Alimwelekeza mchoraji yeye mwenyewe. Mimi nimezaliwa Dodoma, baba yangu analima zabibu. Zabibu zinataka jua; niliona kosa siku ya kwanza, nikanyamaza. Acha aumbuke.

Jumatano, 6 Agosti

Amekuja Bwana Kirit, anayepeleka vinywaji hotelini. Akaonja, akatema kwenye ndoo, akasoma lebo mara mbili. Akauliza chupa zinajazwa wapi. Mangi hakupepesa macho: "Shambani kwetu, ndugu yangu." Faneli ilikuwa inakauka dirishani nyuma ya kichwa chake.

Kirit akasema anataka divai ya shamba moja tu. Zabibu za mwenye shamba, zikamuliwe hapohapo, zichachuke hapohapo, zijazwe hapohapo. Kisicholimwa ndani ya uzio kisiingie kwenye chupa. "Mimi nauza jina la shamba. Ukinidanganya, wateja watanikimbia mimi, siyo wewe." Anataka kuliona. Mangi akasema karibu sana, Jumamosi ya wiki ijayo. Mwongo mpaka kwenye kucha.

Ijumaa, 8 Agosti

Nanenane. Sikukuu ya wakulima, na sisi tunabandika lebo za shamba la hewa.

Mangi kaniita pembeni. "Binti yangu." Miaka miwili ananiita "wewe". Anataka shamba la baba kwa siku moja. Baba ajitambulishe kama msimamizi, basi. Mimi nitakuwa meneja wa mauzo, na lebo atabandika mwingine. Nikajibu nitamuuliza baba. Kwa nini sikukataa palepale? Kwa sababu nimeutaka huo umeneja. Najidharau kuliko ninavyomdharau yeye, na yeye namdharau sana.

Jumapili, 10 Agosti

Nimempigia baba. Shikamoo, marahaba, habari za mama. Kisha nikamwambia yote, haraka, kama mtu anayekunywa dawa chungu. Zabibu za mistari minne iliyo jirani na nyumba, baba hamuuzii mtu. Anazikamua mwenyewe, anazichachusha kwenye chumba cha nyuma, divai anaijaza kwenye chupa za bia alizookota. Kila mzabibu ameupogoa kwa mkono wake tangu niko darasa la kwanza. Baba akauliza kama huyo bosi wangu anajua kupogoa. Nikasema hajui. Akasema, waje.

Nilitaka akatae. Imeniuma kwamba amekubali, tena bila ugomvi. Nimemwona mdogo, baba yangu mwenyewe. Mungu anisamehe.

Jumamosi, 16 Agosti

Dodoma. Tumekuja na treni ya umeme ya alfajiri. Mangi amevaa mabuti ya mvua, mapya, yanang'aa. Mwezi wa nane, Dodoma! Vumbi lilimcheka. Amebeba maboksi mawili ya chupa zenye lebo, akayapanga kwenye chumba cha baba cha nyuma kama mtu anayepanga mkate dukani.

Baba kavaa koti lake la kanisani. Kasalimia wote. Mangi akaanza kumtembeza Kirit katikati ya mizabibu. Akasema mwakani tutaongeza migomba, ile ya zamani imekufa, zabibu zinataka kivuli. Kirit akatazama lebo. Akatazama shamba. Kuanzia hapo mpaka kilimani hakuna mgomba wala kisiki cha mgomba, ni jua tu. Akamgeukia baba: shamba hili la nani?

Baba hakumwangalia Mangi. Aliniangalia mimi. "Muulize binti yangu. Yeye ndiye anayebandika."

Hapo ndipo nikaelewa kwa nini alisema waje. Nikasema: "La baba. Hizo za kwenye boksi tunazijaza Mchafukoge, kwa jagi." Mangi akaniita nyoka mbele ya wazazi wangu. Akaondoka kwa miguu kwenda barabarani, mabuti yakimpiga mashavu ya miguu. Chupa kaziacha. Kirit aliomba kununua divai ya baba. Baba akamwambia haitoshi hata wakwe.

Jumatatu, 18 Agosti

Magomeni, chumbani. Sina kazi. Simu kutoka dukani imeita mara moja, nikaiacha ikate.

Baba alinipa chupa moja ya divai yake nije nayo. Haina lebo. Nilipomuuliza mbona haina, akasema hiyo ndiyo kazi yangu.

Nimekaa nayo mezani tangu asubuhi. Nimebandika maelfu, hii moja imenishinda. Mwisho nimechana karatasi ya daftari hili, nikaandika: "Zabibu za baba. Kakamua baba. Chupa kaosha mama." Nikaipaka gundi.

Imekaa upande kidogo. Nimeiacha.