Goli la Juu

Jumamosi, 3 Novemba

Timu ya taifa imetolewa. Mbili kwa moja, nusu fainali! Jina la waliotufunga siliandiki. Wasikae humu.

Redio ni ile ya darasa la watu wazima. Mwalimu Secilia aliiweka kwenye dirisha la ofisi ya shule, sisi tukakaa nje kwenye majani, karibu kijiji kizima. Kipindi cha kwanza tuliongoza. Nilimkumbatia hata mtu anayenidai suruali yake tangu Pasaka. Kipindi cha pili mtangazaji akaanza — vijana wetu wamechoka, vijana wetu wanarudi nyuma. Sauti ikapotea, ikarudi, tayari moja moja. Ikapotea tena. Iliporudi, filimbi ya mwisho.

Hakuna aliyeinuka. Baba mkwe, Mzee Nikodemo, ndiye aliyeanza. Alisema kosa ni la kepteni. Alichagua goli baya. Alianza kwa kushuka, basi kipindi cha pili ilibidi apande, na miguu imekwisha. Mwenye akili hupanda kwanza akiwa na nguvu, akashuka akiwa amechoka.

Wote tukaafiki. Mimi nikiwa wa kwanza. Mimi ni kepteni wa timu ya kijiji, na uwanja wetu umelala kwenye mteremko; najua uchungu wa kupanda.

Jumapili, 4 Novemba

Baada ya kanisa watu wamehamia kwenye baraza langu. Sijui baraza la fundi cherehani lina nini, kila msiba wa mpira unaletwa hapa. Yudith, mke wangu, akapika chai mara mbili, mara ya tatu akasema sukari nayo imefariki.

Mabishano ni yale yale. Alfred, winga wetu, anasema angekuwa yeye angepiga mpira mbele tu na kuufuata. Ndivyo anavyofunga hapa: anaupiga kutoka upande wa mikaratusi, unateremka wenyewe hadi goli la chini, kwenye mashamba ya kabichi. Nyumbani hatujafungwa tangu nivae kitambaa cha ukepteni. Tunaanza kupanda, tunakaza meno, kisha tunashuka. Hiyo ndiyo siri yetu yote.

Mwalimu Secilia akapita, akasema taratibu kwamba viwanja vikubwa havina goli la juu. Ni tambarare. Watu wakacheka. Baba mkwe akamwuliza, kwa heshima kabisa:

"Mwalimu, mvua ikinyesha huko, maji yanakwenda wapi?"

Mwalimu akaanza kueleza mifereji, hakusikilizwa. Maji lazima yana upande wake. Nami nilicheka, tena kwa sauti.

Jumapili ijayo tunashuka Mombo kucheza mechi ya kirafiki. Halafu tarehe 25 wao wanapanda huku, mechi ya mtoano ya kombe la wilaya. Wakija huku tutawateremshia magoli.

Jumapili, 11 Novemba

Sita. Bila.

Naandika nikiwa nimeweka miguu kwenye karai la maji. Joto la Mombo si la binadamu. Lakini si joto.

Kurusha shilingi nilishinda mimi. Refa akaniuliza nachagua goli lipi. Nikatazama huku, nikatazama kule. Nikamwuliza: goli la juu ni lipi? Akadhani natania. Kepteni wa Mombo akashika tumbo kwa kucheka. Nikachagua tu, kama mtu anayechagua njia gizani.

Alfred alipiga mpira mbele kama kawaida yake, akaukimbilia — mpira ukasimama! Umekaa pale pale kama mbuzi aliyefungwa kamba. Yeye akaupita. Watu walicheka hadi wenye maduka wakatoka nje. Sisi tunasubiri mpira uje, wao wanapeana pasi fupi fupi. Mapumziko nikawaambia vijana kipindi cha pili tutashuka. Niliwaambia hivyo kweli. Tulibadilisha goli, na hatukushuka popote.

Baada ya filimbi nilikwenda katikati ya uwanja nikamwaga maji ya kopo langu. Yakakaa pale. Yakazama polepole, pale pale.

Tulirudi kwa gari, tukipanda. Kona baada ya kona. Nilikuwa nafikiria kepteni wa taifa, jinsi tulivyomtukana wiki nzima kwa goli ambalo halikuwepo.

Jumanne, 13 Novemba

Sijashona kitu. Majoho ya kwaya ya Krismasi yako pale, yananitazama.

Nimeshaelewa sasa. Kila mwaka tunamfunga mtu hapa, tunashuka Korogwe au Mombo, tunatolewa. Na kila mwaka tunasema ni joto, ni refa, ni chakula cha njiani. Siyo. Hatujui mpira. Tunajua kuteremka. Mlima ndio unaocheza, sisi tunaukimbiza.

Nitasawazisha uwanja. Tuchimbe upande wa mikaratusi, udongo tuujaze upande wa kabichi. Na tuanze sasa, kabla ya tarehe 25.

Nimemwambia Yudith. Hakucheka, jambo lililonitisha. Alisema tu, "Ukifungwa na Mombo kwenye uwanja uliousawazisha mwenyewe, mume wangu, tutahamia wapi?"

Najua. Uwanja huu ndio silaha pekee ya kijiji. Nikiiondoa na tukafungwa, jina langu litakuwa la mithali hapa. Lakini nitauchimba.

Jumatano, 14 Novemba

Vijana wamekataa. Alfred ndiye msemaji wao. Hoja yake nzuri, nakiri: tushinde kwanza, tuchimbe baadaye. Nikamjibu kwamba tukishinda hakuna atakayeshika jembe. Nani anatibu mguu usiomwuma? Akasema mimi nimepigwa jua la Mombo. Wakaondoka.

Nikaenda kwa baba mkwe. Shikamoo baba, marahaba mwanangu, habari za huko, nzuri. Nikamweleza kila kitu, hadi maji ya kopo. Alichukua tunda la plamsi, akaanza kulimenya kwa kisu. Plamsi haimenywi, huliwa na ganda lake. Nikajua kuna jambo.

"Wewe ulikuwa mtoto," akasema. "Mwingereza alitulazimisha kuchimba matuta ya kuzuia udongo kwenye milima hii. Mama yako mkwe alichimba ana mimba. Mimi nilikataa, nikalala rumande. Leo mkwe wangu ananiletea tuta la mpira."

Nikasema baba, hili si la kulazimishwa. Akasema yote huanza hivyo.

Nimerudi na aibu. Huwezi kubishana na mkweo. Na mbaya zaidi, huwezi kubishana na mtu aliyelala rumande kwa jambo hilo hilo.

Alhamisi, 15 Novemba

Nimechimba peke yangu asubuhi. Kishimo tu. Wanawake waliokuwa wanapita kwenda sokoni Lushoto na matenga wameniuliza nazika nini.

Ijumaa, 16 Novemba

Mwenyekiti Kristofa ameniita ofisini. Amefurahi! Anasema huu ndio moyo wa kujitegemea. Kesho atatangaza msaragambo, kijiji kizima na majembe, na balozi wa nyumba kumi ataandika majina. Asiyefika, faini.

Moyo uliruka. Kazi yote ingekwisha kwa siku chache! Nilishaona uwanja tambarare kama meza ya kunyoshea nguo.

Halafu nikaikumbuka ile plamsi ya baba mkwe.

Nikamwambia Mwenyekiti nashukuru sana, ila naomba asitangaze faini. Atangaze kwamba anayetaka aje. Akanitazama kama mtu aliyerudisha kuku aliyepewa bure. Alisema nikiwaachia hiari yao nitachimba hadi nizeeke. Nikasema basi nitazeeka nachimba. Yalinitoka tu. Akasema haya, ni shauri lako.

Yudith ananiuliza kwa nini nimekataa mkono wa serikali. Nikamwambia sababu ni baba yake. Akaniongezea maharage.

Jumamosi, 17 Novemba

Waliokuja kuchimba: mimi, Yudith, Mwalimu Secilia akiwa na viatu vya shule. Basi.

Mwalimu hakunikumbusha kicheko cha siku ile. Mimi ndiye niliyekikumbuka, jembe kwa jembe. Nikamwomba radhi. Akasema chimba.

Mchana golikipa na ndugu yake wakaja. Wameona haya kukaa pembeni wakitazama wanawake. Alfred hakuja.

Jumatatu, 19 Novemba

Mvua! Usiku kucha. Udongo wote tulioujaza upande wa chini umeteremka, umekwenda kulala kwenye kabichi za watu. Jasho letu lote liko bondeni. Nimesimama pale na nguo za kazi, nikataka kulia. Nimelia kidogo. Mvua ilikuwa inanyesha, hakuna ushahidi.

Nimekwenda kuomba radhi kwa wenye kabichi, nyumba kwa nyumba. Wengine wamenisema sana. Nimesikiliza yote. Kisha nimerudi kuchimba. Watu wa barazani wanauliza nguo zao, naonyesha jembe.

Jumanne, 20 Novemba

Nilipofika uwanjani leo asubuhi nilikuta mtu ameinama upande wa chini. Koti kuukuu la mvua. Anapanga mawe.

Baba mkwe!

Nikamwamkia. Akaitika bila kuinua kichwa. Alikuwa anajenga ukingo wa mawe, na nyuma yake ameshapanda mabua ya majani ya ng'ombe kwa mstari. Akasema udongo wa mlima huu haujazwi hivi hivi, unawekewa kwanza kitu cha kuegemea. Nikamwuliza amejifunza wapi. Swali la kijinga. Akasema wenzake waliolazimishwa walijifunza, na yeye alitazama.

Nikaanza kumpokeza mawe. Baadaye sana akasema amesikia habari za faini. Kristofa mwenyewe alimsimulia, akilalamika kwamba nina kichwa kigumu.

"Ungekubali ile faini," akasema, "nisingepita hapa hata kwenda kanisani."

Ndiyo yote aliyosema. Nimeshona hadi jioni huku natabasamu kama mjinga.

Alhamisi, 22 Novemba

Wamekuja wengi. Ukimwona Mzee Nikodemo akichimba tuta kwa hiari yake, utabaki nyumbani ufanye nini? Wengine walikuja kuhakikisha kwa macho tu, wakapewa majembe. Akina mama wa kabichi wamedai udongo wao urudi juu, na wameubeba wenyewe kwa matenga. Nyimbo, matusi mepesi, viazi vya kuchemsha. Uchambuzi wa nusu fainali umeanza upya — sasa kosa ni pasi ndefu.

Alfred amekuja jioni. Hakushika jembe. Alikuja na mpira, akauweka pale Mwalimu anaposema ni katikati, akaupiga kidogo kuelekea chini. Ukaenda, ukasita, ukasimama. Akaufuata, akauokota. Akasema, kwa hiyo mimi sina kazi tena.

Nikamwambia ana kazi, ila ataanza kujifunza. Akaniambia yeye anafunga magoli, na mimi nimemnyang'anya. Anasema kweli. Nimemnyang'anya.

Ijumaa, 23 Novemba

Mazoezi ya pasi fupi. Vibaya mno. Mpira unafika kwa mtu, anashangaa. Alfred alikuja, kanuna, lakini amekuja. Alipiga pasi moja nzuri kwa kisigino, akajifanya hakukusudia.

Uwanja haujaisha. Upande wa mikaratusi bado kuna mwinuko kama kidole gumba juu ya mkono. Haiwezekani kumaliza kabla ya Jumapili.

Jumamosi, 24 Novemba

Mikono yangu haishiki sindano. Yudith amemalizia majoho mwenyewe, mshono wake ni mzuri kuliko wangu. Nimemwambia. Akasema anajua.

Nikajaribu kusali tushinde. Nikaona si haki, Mombo nao wanasali. Nikasali tu nisijute. Hilo pia ni gumu.

Jumapili, 25 Novemba

Naandika kwenye meza ya cherehani, nimeshavaa jezi. Ibada imekwisha. Hakuna mvua, ukungu umepanda na kuondoka. Watu wako uwanjani wengi kuliko siku yoyote, hata wa vijiji vya ng'ambo, wamekuja kuona wazimu wangu ukishinda au ukizikwa.

Baba mkwe yuko pale tangu mapema. Anawafukuza watu wasikanyage ukingo wake wa mawe. Nilipopita aliniita, akaomba kopo langu la maji. Akaenda katikati, mbele ya watu wote, akayamwaga. Sote tukainama. Maji yakakaa kidogo. Yakatoa kijimkono kuelekea kabichi, kikaenda kidogo, kikakoma. Mzee akasema, "Hm." Sikujua ni hm ya namna gani, na sikuthubutu kumwuliza.

Lori la Mombo linasikika kona za chini. Dereva anabadilisha gia. Wanaimba.

Alfred ameingia sasa hivi, amesimama mlangoni. Hajanuna tena, amekonda uso tu. Wachezaji wamemtuma. Wanauliza, nikishinda shilingi nitachagua goli lipi?

Nimefungua mdomo. Tangu nivae kitambaa hiki sijawahi hata kulifikiria jibu lake, siku zote mlima ndio ulionijibia. Na bado amesimama pale, ananitazama, anangoja, nami natazama nje dirishani, mara huku, mara kule.