Zimwi la Vichwa Saba Kwenye Ukuta wa Duka

Kijiji cha Ujamaa,
Njia ya Mbuba, Ngara.
14 Oktoba 1979

Mpendwa mpwa wangu Philbert,

Anayekuandikia ni mtu ambaye bila yeye vita vingekuwa vinaendelea mpaka leo. Lori la jeshi lilikwama matopeni pale Nyakanazi, nikalisukuma peke yangu, dereva amekaa ndani anavuta sigara. Shikamoo yako niliipata, marahaba sana. U mzima? Mkonge wa huko Korogwe haujakuchoma macho? Sisi wazima, ila mgongo.

Sukari hapa imekuwa hadithi. Duka la kijiji linafunguliwa, watu wanapanga foleni, wanaambiwa imekwisha.

Sasa yule mjane Niragira, mchoraji wa kuta kwa masizi na udongo mwekundu, aliambiwa alipambe duka. Walitaka migomba na jembe. Yeye akachora zimwi lenye vichwa saba na mkono mmoja. Vichwa vyote vinatafuna sukari guniani, mkono umelala tu. Chini ya tumbo lake watu wamepanga foleni, wadogo kama siafu. Kichwa cha saba kimevaa kofia yenye unyoya wa kanga, kofia ya watu wenye heshima.

Mtu mmoja wa kamati yetu ya duka akaenda kushtaki kwamba ametukanwa. Mkutano ukaitwa. Ikithibitika, Niragira ahamishwe, migomba yake apewe mwingine.

Mwenyekiti Pancras akamwuliza, "Mama, huyu ni nani?"

"Zimwi, mzee. Bibi alinisimulia, jina hakunitajia."

"Nasikia lina jina."

"Basi mwenye jina asimame, nilifute sasa hivi."

Philbert, hujaona watu wanavyokaa chini! Hata waliokosa mabenchi walikaa matopeni. Wa kwanza kukaa ni mimi, wengine wakaniiga.

Yule jirani yetu, bibi Deodata, akapaza sauti, "Methusela, kofia yako iko wapi leo?"

"Nyumbani," nikamjibu.

Kwa hiyo elewa, kukaa kwangu ndiko kulikomwokoa. Zimwi lipo, Niragira yupo, na juzi kila nyumba ilipata sukari.

Mama yako Melania anakusalimu, na mkaza mjomba wako Clotilda, ingawa siku hizi hasemi nami. Mungu akuepushe na miiba na mabosi.

Karatasi inaisha. Aliyekwenda kushtaki ni mimi. Sukari aliiona Clotilda chini ya kitanda chetu, ikarudi dukani, na ile kofia niliikalia mpaka mkutano ukaisha, unyoya umevunjika.

Mjomba wako akupendaye,
Methusela