Mabuti Yaleyale

Kaka Nasri,

Nna habari ya yule Mzungu wako na nimeshindwa kukaa nayo peke yangu. Mwandiko usiucheke. Shule uliipenda wewe, mimi nilikuwa naipitia tu.

Unamkumbuka, yule kipara mwenye shingo ya fahali, anayepanda juu ya pikapu katikati ya mji ulikokuwa ukisoma na kupiga kelele kwamba nchi ni ya weupe watupu. Ulinitumia video yake ukimkebehi. "Huku mimi si Mwarabu tena, ni mweusi tu," ukasema, wewe uliyekuwa ukipiga pasi kanzu yako ya dishidasha mara mbili kwa kwenda sokoni Mutrah kununua mkate. Wiki ileile vijana wake wakakukamata kituo cha basi. Yeye akapanda tena pikapu, akasema ulianguka mwenyewe. Uwanja ukajaa kuliko mwanzo.

Ulipoletwa Muscat nilikuosha mimi, kaka, na Ami Saidi. Alama za soli zilikuwa mbavuni, nyingine shavuni, hata mistari yake ilionekana. Taya lilining'inia, tukalifunga kwa kitambaa. Ami akanishika sikio: "Anayeosha maiti hasemi alichokiona." Basi Mama aliponiuliza, nikamwambia umelala kama mtu aliyeshiba wali. Akashukuru. Siku ile akala.

Sasa sikia. Jamaa kaisha. Polisi walipombana, aliwataja vijana wake mmoja mmoja ili yeye asifungwe. Wenyewe wakajua. Wakamvizia nyuma ya baa, wakamwangusha, wakampiga mateke kwa mabuti yaleyale mpaka jicho likatoka. Mmoja akarekodi. Nimeitazama mpaka simu ikazima. Ningekuwepo ningewaelekeza pa kupiga, na wangechoka wao kabla yangu.

Nikampelekea Mama, bingwa mimi. Alikuwa anachagua mchele. "Tazama, Mama, Mungu kalipa." Akavaa miwani. Buti linapanda, linashuka, linapanda, linashuka, na yule mtu chini anamwita mama yake. Neno hilo hata kwa lugha yao Mama alilielewa. Nikangoja afurahi.

Akasema, "Na Nasri walimpiga hivi?"

Mimi, kaka, nikajitia kutafuta chaja.

"Nnakuuliza wewe uliyemwosha."

"Hapana, Mama. Yeye alianguka."

Alianguka. Neno la yule kipara, nimelitoa kwa mdomo wangu, ndani ya nyumba yetu. Mama akainua sinia akarudi kwenye mchele, anatoa chuya na punje nzima pamoja. Tangu jana hajala.

Haya, lala, mrembo wa ndevu. Video nimeifuta. Nikimaliza kuandika hapa naingia kwake, namwambia yote, mbavu, shavu, taya. Ami akitaka sikio, langu lipo. Lile neno halilali humu leo.

Mdogo wako, anayekushinda kwa sura hata sasa,
Khalfani